Mlango wa Mke Mwenza

Kitenge kipya kina harufu yake, na aliyekulia katika nyumba ya muuza vitambaa anaijua: wanga, rangi, na kitu kama mafuta ya taa kwa mbali. Juzi nilikuwa napita mbele ya duka moja, kijana akafungua robota kwa kisu, na harufu ile ikanifikia kabla sijaziona rangi zenyewe. Nilisimama pale mlangoni kama mtu aliyesahau alichotumwa. Wapo watu ambao harufu za utotoni huwatuliza. Mimi hii hunifanya nitege sikio kama geti linagongwa.

Baba aliuza vitenge mjini Bujumbura, katika duka aliloachiwa na babu yake aliyetoka Omani akaja akaoa, akazaa na akazikwa hukuhuku kwetu. Alipokuja nyumbani kwetu Carama, pembezoni mwa mji, harufu hiyo ilikuwa mabegani mwake. Hakuja kila siku. Siku mbili alikuwa kwetu, siku mbili alikuwa “mjini”, na neno hilo mama alilitamka bila kumtazama mtu. Nilikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba huko mjini, Kinindo, upande wa ziwani, kulikuwa na nyumba nyingine, na ndani yake mwanamke aitwaye Bi Zuwena. Yeye ndiye aliyeolewa kwanza, kwa sheikh na kwa komini, ofisi ya serikali. Mama yangu alikuwa Mkongomani wa Uvira, alibatizwa kwao akiwa mtoto na akasilimu kwa ajili ya baba. Aliolewa kwa sheikh tu.

Tofauti hiyo niliisikia kwanza kupitia dirisha la jikoni, nikiwa nachambua mboga za lengalenga.

“Nipeleke na mi komini,” mama alikuwa anasema. “Na hii vita, ukikufa leo, mi ni nani?”

“Mama Idi, nimekwambia mara ngapi?” Baba alisema polepole, kama mtu anayepima kitambaa. “Sheria haikujui. Hata nikikupeleka, Sheria anamjua Zuwena peke yake.”

Kiswahili chetu cha Bujumbura hakijali sana ngeli, na mimi nilielewa nilivyoelewa. Sheria alikuwa mtu. Mtu mkubwa, pengine komanda, rafiki wa nyumba ya Kinindo, ambaye hajawahi kupelekwa kwetu akamsalimia mama. Nilimwona kichwani mwangu akiwa na miwani nyeusi. Nikawaza kwamba siku akipita Carama akaonja sombe, kisamvu cha mama yangu, maneno yatakwisha.

Baba alijitahidi kugawa siku zake sawa, kama dini ilivyomwamrisha. Ila vita haikuheshimu zamu za mtu. Ilipoanza kuvrefe, saa za kufungiwa ndani, ikawa jua likimkuta Kinindo atalala Kinindo, hata kama siku ni yetu. Risasi zikianza Kinama, mtaa jirani, barabara zilifungwa na zamu yetu ikapotea, na hakuna aliyeirudisha. Mama alikuwa akikaa kizingitini akisikiliza kila gari. Nilijifunza kuzijua sauti za injini kwa kuutazama uso wake. Ikiwa si gari la baba, alikaza taya.

Asubuhi tuliyokimbia, baba hakuwa Kinindo wala Carama. Alikuwa amevuka kwenda Uvira kutafuta mali ya duka, na mpaka wa nchi ukafungwa nyuma yake. Alfajiri nchi ilitikisika kwa mabomu, vyombo vikaanza kugongana rafuni vyenyewe. Nilipotoka uani, watu walikuwa tayari wanapita na magodoro vichwani, bila kusema neno. Mama alimfunga mtoto mchanga mgongoni, akamshika Idi mkono, mimi akaniambia nishike upindo wa kitenge chake na nisiuachie hata nikianguka. Tulitembea kando ya mashamba ya muhogo mpaka barabara kubwa. Mama alitaka kwenda Buyenzi, kwa Waislamu wenzetu, lakini tuliambiwa njia ya huko imefungwa na vijana wenye mapanga. Dereva mmoja wa kamiyoneti aliyekuwa akimbebea baba mizigo alitutambua, akatupandisha juu ya magunia ya makaa.

“Niwashushe wapi, Mama Idi?”

Tulikuwa tukipita kando ya nyumba za Ngagara, madirisha yote yamefungwa, mbwa mmoja yuko katikati ya barabara.

“Kinindo,” alisema.

Kilichonishangaza ni kwamba hakumwuliza mtu njia. Aliisema kona hii, aliisema ile, mpaka geti la kijani lenye maua ya bugenvilia juu yake. Miaka ilipita kabla sijaelewa maana yake: alikuwa ameshawahi kufika mbele ya geti lile peke yake, akalitazama, akarudi.

Zamu, ndivyo tunavyomwita mlinzi wa nyumba, alituchungulia kupitia tundu akaenda kumwita mwenyewe. Tulisimama juani, tumepakaa makaa mpaka kwenye kope. Bi Zuwena alipotoka, nilimwona mfupi kuliko nilivyomtarajia, mweupe, amejifunga mtandio wa nyumbani, mikono ina unga.

“Shikamoo,” mama alisema.

Hakuitikia. Alitutazama miguu, mmoja baada ya mwingine.

“Watoto wamekula?”

“Apana, dada.”

“Mimi si dada yako.” Kisha akamgeukia zamu. “Fungua.”

Tuliwekwa katika chumba cha nje ambamo baba alihifadhi marobota ya vitenge, yamepangwa mpaka karibu na dari. Tulilala juu ya hayo marobota. Harufu ambayo tangu nizaliwe ilikuwa na maana ya kwamba baba amekuja, sasa ilikuwa kila mahali na baba hayupo. Niliivuta puani nikilala, niliamka nayo kooni.

Mama alitupa masharti. Msiguse kitu. Msicheke kwa sauti. Mukipewa chakula, acheni kidogo kwa sahani. Msiende chooni mara mingi. Idi, aliyekuwa hajafika hata umri wa kuanza shule, alibana mkojo mpaka akalia. Ndani ya nyumba kubwa kulikuwa na sakafu ya vigae baridi na friji iliyounguruma, na wana wawili wa Bi Zuwena walikuwa ukutani tu, ndani ya fremu za picha, kwa sababu walikuwa wamepelekwa kusoma Muscat. Bi Zuwena alitoa sahani zetu mwenyewe, wali na ndagala, dagaa wa ziwani, akaziweka kwenye ngazi ya jikoni na kuondoka. Mama alifua nguo zote alizoziona kwenye kamba, hata zilizokuwa safi. Wanawake wale wawili walizungukana ndani ya ua mmoja bila kugusana hata kivuli.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuogopa kwa niaba ya wote. Nilikuwa na hakika kwamba Sheria, akiwa mtu wa nyumba hii, siku moja atakuja kutembea, atamwona mama na kusema simjui, mtoeni.

Aliyekuja alikuwa Salimu, kaka yake Bi Zuwena. Alikuwa karani wa tribinali, mahakamani, mtu wa suruali iliyopigwa pasi na sauti ya chini. Alizungumza na dada yake jikoni, nami nilikuwa chini ya dirisha na mtoto mgongoni, nikimbembeleza asilie.

“Dada, nifahamu,” alisema. “Kuoa wawili ni kosa katika nchi hii, si mchezo. Askari wakiingia wakamkuta huyu, mumeo Nasoro ataulizwa. Kwenye karti yake ya utambulisho huyu mama imeandikwa hajaolewa. Mbele ya sheria ni mgeni, hana haki hata ya kulala hapa.”

“Na ndoa ya sheikh?”

“Ya sheikh ni ya sheikh. Serikali inamjua mke mmoja.”

“Hata Warundi zamani walikuwa na mukeba,” Bi Zuwena alisema. Mukeba ndilo neno la Kirundi la mke mwenza. “Machifu walikuwa nao wangapi?”

“Zamani. Wakaja mapadri na Wabelgiji, wakapiga marufuku, na nchi ilipojitawala ikaendelea na marufuku. Na usisahau, dada, sheria hii inawalinda wanawake kama wewe. Ukitaka, kesho utapewa talaka na nyumba hii juu.”

Nilisikia kisu kikiwekwa juu ya meza.

“Siku nilipoambiwa Nasoro ana nyumba Carama, nilikuja kwako nikilia. Ukaniambia nini?”

Salimu alikohoa. “Nilikwambia uvumilie.”

“Nivumilie, wanaume ndivyo walivyo, dini imeruhusu. Sheria ilikuwepo siku ile pia, Salimu. Mbona hukuitaja?”

Nimekaa mara nyingi utu uzimani na wanawake wenzangu tukibishana jambo hili, wengine wakisema marufuku ni haki ya mwanamke, wengine wakisema marufuku huwaacha wake wengine nje na watoto wao. Kila upande huwa na ukweli wake. Mimi kila mara naisikia sauti ya kile kisu kikigusa meza, na sijui nimpigie nani kura.

Waliafikiana, au Salimu alidhani wameafikiana, kwamba atakuja asubuhi fulani na gari atupeleke kwenye kambi ya waliokimbia, nje ya mji. Mama aliambiwa. Alikunja nguo zetu, akafagia chumba cha marobota, akafuta hata mlango.

Asubuhi hiyo gari la Salimu lilikuwa linaunguruma uani na mama amesimama na furushi, geti lilipogongwa kwa kitako cha bunduki. Ulikuwa msako. Siku zile, mtaa ukiguswa na mapigano, askari walipita nyumba kwa nyumba mitaa mingine kutafuta waliokimbia, wakidai kwamba waasi wamejichanganya nao. Kila nyumba ilitakiwa ionyeshe watu wake. Asiyekuwa na mwenyeji alipandishwa kwenye lori, na kwa habari za lori hilo sisi watoto tulijua kutouliza.

Waliingia askari kadhaa, na ofisa mmoja mrefu mwenye miwani nyeusi. Nilimtambua hapohapo. Ni yeye. Sheria amefika.

Aliichukua karti ya mama, akaisoma mbele na nyuma.

“Unatoka wapi?”

“Carama, afande.”

“Karti inasema hujaolewa. Hawa watoto?”

“Ni wangu.”

“Na hapa unafanya nini?”

Salimu aliwahi. “Ni mgeni tu, afande. Alikuwa anaondoka.”

“Anaondoka?” Ofisa alitazama furushi. “Vizuri. Tutaondoka naye.”

Askari mmoja alimshika mama mkono, juu ya kiwiko. Mtoto mgongoni akaanza kulia. Nakumbuka nilihisi maji ya moto yakinishuka miguuni, na niliona aibu kwa sababu nilikuwa nachafua ua uliofagiliwa.

“Haondoki,” Bi Zuwena alisema.

Alikuwa kwenye ngazi ya jikoni, bila mtandio. Alishuka akaja kusimama kati ya askari na gari.

“Huyu ni mke mwenzangu. Watoto hawa ni wa mume wangu.”

“Dada!” Salimu alisema.

Ofisa alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu ambaye hajalala. “Mke mwenza? Hiyo imekatazwa, mama. Unajua?”

“Najua.” Hakushusha macho. “Mume wangu akirudi, mje mumwulize. Mimi sitamficha. Lakini leo, hawa ni watu wa nyumba yangu.”

Ofisa aliingia sebuleni. Tulisikia buti zake juu ya vigae. Alirudi na picha ya baba, ile kubwa ya ukutani, akaisimamisha kando ya kichwa cha Idi, akatazama huku akatazama kule. Idi alikuwa na masikio ya baba, yale yaliyosimama kama vishikio vya sufuria.

“Haya masikio hayana haja ya karti,” alisema kwa Kirundi, na askari wakacheka. Alimpa Salimu ile picha aishike, akarudisha karti ya mama, wakatoka kwenda nyumba ya jirani.

Mama aliketi juu ya furushi lake.

“Asante, dada.”

“Usinishukuru,” Bi Zuwena alisema. Alikuwa anahema. “Mimi sikukuchagua. Nawe sidhani ulinichagua mimi.” Akanishika mimi begani, kwa vidole vikali. “Wewe njoo uoge.”

Alinimwagia maji ya vuguvugu nyuma ya nyumba, na kwa kuwa hakuwa amekasirika kama nilivyoogopa, nilimwuliza kama Sheria ameenda kabisa au atarudi. Aliniuliza Sheria gani. Nikamweleza: yule mwenye miwani, anayemjua yeye na asiyemjua mama yangu. Alibaki na kopo mkononi, maji yakidondoka. Kisha alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye sabuni, na hiyo sabuni ikamliza zaidi.

“Sheria si mtu, mwanangu,” alisema. “Angekuwa mtu, ningemwambia mengi.”

Salimu aliondoka na gari tupu. Tulibaki. Mpaka wa nchi ulipofunguliwa baba alirudi, amekonda, akatukuta sote uani. Alisujudu palepale kwenye majani. Alipoinuka uso ulikuwa unang'aa. Alisema Mungu ameleta heri ndani ya shari: sasa nyumba ni moja, hakuna tena mambo ya kuvuka mji, watoto watakua pamoja. Aliongea sana. Ilimchukua muda kugundua kwamba ni yeye peke yake anayeongea.

“Kesho tunakwenda komini,” Bi Zuwena alimwambia. “Utawatambua watoto hawa, kwa jina lako. Mimi nitakuja, ili mtu asije kusema sikujua.”

Salimu alipopata habari alikuja mbio kumkumbusha dada yake kwamba anawapunguzia wanawe mwenyewe urithi. Alimjibu kwamba ameshasema mbele ya bunduki, hawezi kuogopa kusema mbele ya karani.

Wale wanawake hawakupata kuwa marafiki, sitaki kudanganya. Barabara zilipotulia, mama alimwomba baba talaka, akaipata, akahamia Buyenzi na sisi, akaanza kupika maandazi ya asubuhi. Hakutaka tena kuwa mke wa mtu kwa siku mbili mbili. Bi Zuwena alibaki Kinindo na mume aliyekuwa hapo siku zote, na sidhani kama ilimpa furaha aliyoitazamia. Baba alipofariki, vita ikiwa imekwisha, hakuna aliyeweza kututoa kwenye urithi, mimi na wadogo zangu. Mama hakuwa na fungu, wala hakwenda kuliuliza. Siku ya maziko alisimama mwisho wa wanawake, karibu na mlango.

Lakini ninayoikumbuka kwa uwazi kuliko zote ni siku ile ya komini. Milimani kulikuwa kunalia mabomu tangu asubuhi, na karani aliyetupokea alikuwa anataka kumaliza upesi arudi kwake. Chumba kilikuwa kidogo. Kulikuwa na meza, na mbele ya meza kiti kimoja cha mbao. Baba alisimama katikati, wake zake huku na huku, sisi tumebanwa ukutani.

“Mke akae,” karani alisema bila kuinua kichwa.

Hakuna aliyesogea. Karani alitazama juu.

“Nimesema mke akae, tuanze.”

Mama alitazama sakafu. Bi Zuwena alitazama dirishani. Kiti kilikuwa hatua moja tu kutoka kwa kila mmoja wao. Bomu lililia, vioo vikatetemeka, na hao wawili bado wamesimama wima, kila mmoja ameshika mkoba wake mbele kwa mikono miwili. Karani alianza kuandika hivyohivyo. Aliuliza jina langu, baba akalitaja, na nyuma yake akalitaja lake. Akafuata Idi, kisha mtoto. Iliendelea hivyo kwa muda mrefu, mpaka baba, ambaye miguu ilikuwa inamuuma tangu safari ya Uvira, alishindwa kuvumilia, akavuta kile kiti na kukaa yeye.